Ngano Iliyochipua na Dawati la Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kasema sukari yangu inapanda. Mkate mweupe basi! Mhasibu, ambaye kitambi chake humtangulia mlangoni, kacheka mpaka ofisi nzima ikasikia. Nikamjibu: nitakula mkate wa ngano iliyochipua, na muuguzi akija ofisini kutupima baada ya wiki mbili, sukari yangu itakuwa chini ya yake. Tumewekeana dau. Akishindwa, atapangusa vumbi mafaili yangu mwaka mzima. Nikishindwa, dawati langu la dirishani ni lake. Nimeloweka ngano kwenye bakuli la mama watoto. Kazi nyepesi mno!

Jumatano, 5 Machi
Maelekezo yanasema punje zisuuzwe asubuhi na jioni. Ya nini? Zimeshalowa. Nimefunika bakuli, nikalala.

Ijumaa, 7 Machi
Harufu! Mama mkwe, tunayeishi naye, kasema panya kafia nyuma ya kabati. Tumesogeza kabati, meza, hata kitanda. Nami nilisaidia kutafuta, tena kwa bidii. Mama watoto ndiye aliyefunua bakuli. "Baba watoto," kasema, "panya wako kaota mizizi."

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe kaanza ngano nyingine, anaisuuza mwenyewe. Mimi subira sina. Nimenunua mkate wa kahawia dukani, nikaufunga kwa kitambaa safi, nikaupeleka kazini kama kazi ya mikono yangu. Sifa zikamiminika! Mhasibu akaugeuza, akabandua lebo ya duka, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji. Kisha akauliza nani hasa anajua kuuoka. Nikamtaja mama mkwe. Mdomo wangu ndio adui yangu.

Alhamisi, 13 Machi
Mkate wa mama mkwe umeiva. Mzito, una utamu wake, meno yanapata kazi. Mhasibu alikuja nyumbani na daftari, kaandika kila neno la mama mkwe, kaondoka na nusu mkate. Tena mama mkwe kamwita "mwanangu"! Kwa hasira nimekula mkate mwingine mzima, na asali juu. Chakula cha afya hakina kipimo.

Jumatatu, 17 Machi
Muuguzi kaja. Sukari ya mhasibu imeshuka. Yangu imepanda! Nimehamia dawati la karibu na choo. Mhasibu kanipungia mkono kutoka dirishani.

Nyumbani nilijua watanicheka. Mama mkwe hakucheka. Alikaa kando yangu, akasema taratibu, "Mwanangu, baba mkwe wako naye alikuwa mtu wa mizaha. Sukari ikamchukua mguu, kisha ikamchukua mwenyewe. Sitaki binti yangu ayaone niliyoyaona mimi." Mama watoto alikuwa mlangoni, anafuta macho kwa mkono wenye unga. Nikaapa mbele yao wote wawili: vipande viwili kwa siku, asali marufuku.

Jumanne, 18 Machi
Kiapo ni kiapo. Asubuhi wametoka kwenda sokoni, wameniachia mkate mezani, bado una joto. Nimeutazama sana. Vipande viwili, sawa. Lakini unene? Unene hakuutaja mtu! Nimeshika kisu, nikaukata mkate katikati. Viwili kamili, hakuna cha tatu. Nimevila vyote, moyo mweupe kabisa. Mwanamume hutimiza ahadi yake.