Chanjo ya Wakubwa

Jumapili, 15 Agosti 2021

Jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: mwaka jana corona ilipofunga shule, nilifurahi. Nilifurahi sana! Hakuna kusimama mbele ya darasa. Hakuna kushikana mikono na wageni. Watu wote waliambiwa wakae mbali na wenzao, wakaona ni adhabu. Mimi niliona hatimaye dunia imenielewa. Nilisoma kila kilichoandikwa humu nyumbani, hadi maelekezo ya jokofu.

Furaha hiyo iliisha Februari mwaka huu. Babu Nurdini, mdogo wake bibi, alifariki kwa "changamoto ya kupumua". Ndivyo kila mtu alivyoita. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka msibani. Waliliruka kama dimbwi.

Sasa chanjo zimefika, hata kwenye zahanati ya mtaa wetu. Sindano moja tu! Bibi Mwantum ana sukari, ana presha, ana umri. Sifa zote anazo. Mimi nina miaka kumi na sita na afya njema, kwa hiyo sina sifa hata moja. Jumamosi bibi anapanda basi kwenda Chemba, akae mwezi mzima kuandaa harusi ya binamu yangu Nasra. Mama ametangulia. Kule ni watu mia nne, sinia moja watu sita. Lazima achanjwe kabla hajaondoka.

Leo jioni nimemsomea kipeperushi cha chanjo, chote, pamoja na anwani iliyo chini. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, kwa upole, kama mwaka jana hawakuwa hao hao wa serikali waliosema tujifukize na tuendelee na kazi. Nikasema ndio hao. Akauliza kama si baba yangu aliyemfunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini mpaka akaiva kama kiazi. Nikasema ni yeye. Basi, akasema, mwaka jana ugonjwa haukuwepo, mwaka huu upo, na yeye anasubiri asikie mwakani watasemaje.

Bibi huniita mke mwenza, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike. Akamalizia: "Mke mwenza, una haraka gani na mkono wangu? Unataka nife ubaki na mume peke yako?"

Babu ana miaka tisa kaburini.

Baba hakusaidia. Baba ni mtumishi wa umma, yuko masijala. Waliposema nyungu ya kujifukiza, alichemsha. Waliposema chanjo, alichanjwa siku ya kwanza, nyuma ya mkuu wake wa kazi. Nikamwomba amweleze mama yake. Akasema yeye hutekeleza. Kueleza ni kitengo kingine.

Jumatatu, 16 Agosti

Fredy! Fredy ni mwenyekiti wa klabu ya afya shuleni. Mimi ni katibu. Yaani yeye huongea, mimi huandika alichoongea. Leo amebandika ubaoni picha ya babu yake akichomwa sindano, akauliza mbele ya Kidato cha Tatu kizima: "Ikram, na wa kwenu lini?" Nikasema karibuni. Sauti haikutoka. Ikabidi niseme mara ya pili, na darasa lilikuwa limenyamaza kunisikiliza. Nilitamani shule zifungwe tena.

Fredy anadai alimshawishi babu yake kwa nguvu ya hoja. Nguvu ya hoja! Babu yake ni kiziwi.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Tatizo si chanjo. Tatizo ni kwamba inatolewa bure, kwa kubembelezwa. Serikali ikimsukumia mtu kitu, mtu hujiuliza kina nini ndani. Lakini ikikificha? Sukari ilipopotea madukani, watu waliitafuta hadi wasiokunywa chai. Kwa hiyo dawa ni moja: chanjo ifichwe.

Bibi haamini redio wala baba. Anamwamini jirani yetu Bi Kuluthumu, muuza vitumbua. Bi Kuluthumu naye anaamini kila kinachoingia kwenye simu yake, mradi hakijulikani kimetoka wapi. Nina simu ya zamani ya baba, niliyopewa kwa ajili ya masomo. Nimeandika:

"Mimi ni daktari mstaafu. Siwezi kutaja jina. Wakubwa wanachanjana wao kwa wao kimyakimya. Zilizobaki ni chache. Mwenye mzazi ampeleke zahanati upesi kabla hawajazimaliza. Tafadhali nawa mikono."

Sentensi ya mwisho niliiongeza kwa ajili ya dhamiri yangu. Juu kabisa nikaandika: "Nimeipokea kama ilivyo." Maneno hayo yakiwepo, hakuna anayemuuliza mtumaji kitu. Nikaituma kwenye kundi la mtaa. Moyo ulinidunda kama nimetoa hotuba.

Jumatano, 18 Agosti

Ushindi! Asubuhi nikienda shule, foleni ya zahanati ilikuwa imefika hadi kwa fundi baiskeli. Wazee kwa vijana. Bi Kuluthumu wa kwanza, bibi wa pili! Jana ujumbe ulirudi kwangu kutoka makundi matatu tofauti. Moja limemfanya daktari wangu kuwa profesa.

Shuleni Fredy akasema umati ule ni matunda ya hotuba yake ya Ijumaa. Mwalimu Eliakimu, mlezi wa klabu, akampigia makofi. Nami nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: "Mwenyekiti alipongezwa." Kwa mkono wangu mwenyewe!

Jioni. Maafa.

Bi Kuluthumu alipofika mezani, alikataa kukunja mkono wa gauni. Akataka ile ya wakubwa. Nesi Bupe akamwambia chanjo ni hiyo hiyo. Bi Kuluthumu akasema yeye si mtoto wa kupewa ya kando, afungue lile jokofu lingine. Nesi akasema jokofu ni moja. Mzee mmoja nyuma akasema ndivyo wanavyosemaga siku zote. Nesi wa watu akachoka, akafungua mlango wa jokofu ili wote wachungulie. Kosa kubwa! Wakaona limejaa nusu. Basi, nusu nyingine imekwenda kwa nani?

Foleni ikavunjika. Wachache walichanjwa, wengi waliondoka wamenuna. Mwalimu Eliakimu akamtuma Fredy akatoe elimu, kwa kuwa umati ni wake. Akapandishwa juu ya kiti. Kabla hajafungua mdomo akaulizwa yeye ni mtoto wa mkubwa gani. Hilo limenifariji kwa muda mfupi sana.

Bibi amerudi nyumbani na habari njema. Ameamua kuchanjwa! Niliruka. Ila ile ya wakubwa tu.

Alhamisi, 19 Agosti

Nisikate tamaa. Kama anataka ya wakubwa, apelekwe kwa wakubwa. Wiki hii kuna wauguzi wanaochanja ofisini kwa baba, kule Mtumba, mji wa serikali. Nikamwambia baba kwamba bibi amekubali kwa sharti la mahali. Akafikiri, akasema hajaona maelekezo yanayokataza. Wakaondoka pamoja asubuhi. Bibi alivaa kitenge cha Idi na kupaka wanja, kama anakwenda kuposwa. Darasani nilikokotoa hesabu zote bila kosa.

Amerudi hajachanjwa!

Baba kanisimulia huku akivua viatu. Bibi alikaa kwenye foleni katikati ya watumishi, kimya, pochi mapajani. Mama mmoja wa uhasibu akamwinamia, akamnong'oneza kama ni kweli kwamba huko mitaani wamepelekewa ile halisi. Maana hapa, akasema, wanawajaribia watumishi kwanza. Nzuri imekwenda kwa wananchi, kura ziko huko. Dereva mmoja akaitikia kwamba hata yeye kasikia hivyo, tena kwa profesa. Bibi akainuka, akawaaga wote kwa adabu, akaenda kusimama kando ya gari.

Chakula cha usiku amekila kwa utulivu mkubwa. Akasema wakubwa wanadhani nzuri iko kwetu, sisi tunadhani iko kwao. Je, huko njiani hakuna aliyekutana nayo?

Begi lake la safari liko mlangoni, limeshafungwa. Nimelitazama, nikamkumbuka Babu Nurdini wiki ile ya mwisho, bibi akimshikia kikombe cha uji na yeye hawezi kumeza kwa kukohoa. Bibi ndiye aliyekaa naye karibu kuliko sote. Mara hii sina hata mbinu. Nimesoma tena kipeperushi. Hakina ukurasa wa watu kama bibi.

Ijumaa, 20 Agosti

Nilipotoka shule nilimkuta bibi amevaa, ananisubiri. Akasema nimsindikize zahanati, ana swali. Nilijua anakwenda kuuliza kuhusu jokofu.

Hapakuwa na foleni. Nesi Bupe akampa shikamoo, bibi akaitikia marahaba. Akamwambia ana swali moja, na akijibiwa kama redio anaondoka zake. Mdogo wake Nurdini, aliyeletwa hapa Februari, alikufa kwa nini?

Nesi aliweka kalamu chini. Akasema ilikuwa corona. Alikuwa zamu siku ile, anamkumbuka, alikuwa na kofia nyeupe ya kufumwa. Bibi akauliza kwa nini basi hakusema. Nesi akasema aliogopa. Hakuna aliyemtisha kwa jina, ila kila mtu alikuwa kimya, na yeye ana watoto wawili na kibarua kimoja, akanyamaza pamoja na wenzake. Akamwomba bibi radhi. Bibi akauliza, na hii sindano je? Nesi akasema kinga yake itadumu muda gani hajui. Anachojua ni kwamba yeye kachanjwa hiyo hiyo, na mama yake huko Tukuyu kachanjwa hiyo hiyo, na mkono ulimuuma siku mbili.

Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Walikuwa wanazungumza habari za Februari, na zahanati inafungwa saa kumi! Nilimgusa bibi kiwiko. Hakugeuka.

Akasema tangu mwaka jana huyu ndiye mtu wa kwanza kumwambia "sijui". Akaanza kukunja mkono wa gauni.

Amechanjwa! Bibi amechanjwa! Hata hakukunja uso. Aliniuliza tu mbona mimi nimefumba macho.

Kwa hiyo ujumbe wangu umefanya kazi. Umechelewa kidogo, basi.

Jumamosi, 21 Agosti

Bibi ameondoka na basi la asubuhi. Mkono unamuuma na anamwonyesha kila mtu. Kabla ya kupanda alikaa kibarazani na Bi Kuluthumu, wakaongea kwa sauti ya chini, nikasikia jina la Nurdini na la nesi. Saa nne Bi Kuluthumu aliacha vitumbua, akaenda zahanati na wenzake watano. Wote wamechanjwa. Wote! Hakuna aliyeuliza habari za jokofu. Ujumbe wa Jumatatu bado unaendelea kufanya kazi! Nimejifunza kwamba unahitaji siku tano tu ili ukolee. Fredy na hotuba zake hatakaa ajue.

Mchana nilipokuwa nakwangua ukoko nikakumbuka Chemba. Bibi kachanjwa, lakini wale mia nne je? Na kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Nikawaza nimpigie mama, nimwombe awaambie tu watu ukweli kuhusu Babu Nurdini. Nikaona hilo ni jambo la aibu kulisema kwenye simu, na halina nguvu.

Nikafuta mikono. Nikachukua simu, nikaandika: "Nimeipokea kama ilivyo. Mimi ni mshenga mstaafu. Siwezi kutaja jina. Nimeozesha watu miaka arobaini, na nawaambia: bwana harusi akikataa kuchanjwa, jueni ana jambo anamficha mkewe. Mwulizeni wa kwenu mapema." Nikaisoma mara mbili, nikarekebisha mkato. Nikaituma kwenye kundi la harusi ya Nasra, lenye wazee wa pande zote mbili. Halafu nikarudi kumalizia vyombo.