Pasi ya Milima Tisa

Jumatatu, 2 Juni

Jana ulimi uliniponza tena. Baada ya ibada, kwenye chai, Mwangi alitangaza kwamba amenunua pasi ya theluji. Mwangi ni mhasibu huko Parramatta, anaimba sauti ya tatu karibu yangu kwenye kwaya, na hutangaza mambo akiwa ameshika kikombe kwa vidole viwili. Mlima mmoja, msimu mzima, lifti ya viti juu, kuteleza chini, hadi uchoke mwenyewe. Kina mama wakamzunguka. Hata mke wangu Fébronie alisogea! Mimi nikabaki na sambusa.

Ndipo nikasema mlima mmoja ni wa wanaoanza. Mimi nachukua ile ya milima tisa, nchi tatu, Japani ikiwemo.

Kina mama wakanigeukia mimi. Utamu ulioje!

Ukweli: sijawahi kugusa theluji. Nimekulia kambini Kigoma, jua na vumbi. Lakini naendesha foklifti kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, Wetherill Park. Nyuzi ishirini chini ya sifuri, mwaka wa nne sasa. Baridi inanijua kwa jina.

Jumanne, 3 Juni

Nimepiga hesabu wakati wa mapumziko ya saa nne, kwenye ubavu wa boksi la njegere. Ukiteleza siku sita, pasi imejilipa. Siku ya saba ni bure. Ya nane ni faida! Na bei inapanda Jumapili saa sita mchana. Kusitasita ni ujinga.

Nikamuuliza Ronnie, msimamizi wetu, mtu wa milima tangu utotoni, kama pasi hiyo ina maana. Akauliza nimeshateleza mara ngapi. Nikasema inategemea unahesabuje. Akasema anayeanza hahitaji milima tisa, anahitaji kilima kimoja na mwalimu mvumilivu.

Wivu huo.

Tatizo dogo: likizo. Nilikuwa na siku kumi. Nane Fébronie ameshazipangia harusi ya mdogo wake Irankunda, Perth, mwezi wa nane. Zimebaki mbili. Milima tisa kwa siku mbili ni minne na nusu kwa siku. Inawezekana, ukiruka chakula cha mchana. Japani itabidi iende harakaharaka.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi. Nimetoka kazini saa nane na nusu, moja kwa moja hadi kwenye kilima cha bustani karibu na kwetu, Smithfield. Nyasi zilikuwa zimelowa mvua. Nilibeba kifuniko cha plastiki cha kreti kubwa. (Niliambiwa nikitupe, kwa hiyo si wizi.)

Nikakikalia. Nikajisukuma. Wapi! Nikajisukuma tena, kwa imani zaidi. Kikaondoka! Mita kumi za kwanza nilikuwa ndege. Baada ya hapo kifuniko kilienda kushoto na mimi nikaendelea.

Nilikuja kusimama miguuni pa Mama Ntakirutimana, mzee wa kanisa, ambaye hutembea pale kwa ajili ya presha. Akauliza kama nimeanguka. Nikasema nakagua nyasi. Akasema Mungu anisaidie, akanipa leso nitoe matope sikioni.

Suruali imepasuka nyuma. Nimeificha nyuma ya mashine ya kufulia.

Alhamisi, 5 Juni

Wazo! Tovuti inasema anayeleta watu wanane anapunguziwa nusu ya bei. Kwaya ina watu kumi na tisa. Baada ya mazoezi nikawakamata mmojammoja.

Cherotich, ambaye ni nesi, akasema kila Julai huwapokea wanaoshuka kutoka huko, na bado hajaona anayeingia kwa miguu yake. Cécile akataka kujua kama mlimani kuna kivuli. Égide akasema atamuuliza mkewe, kisha akaenda kwenye gari lake kwa mwendo ambao sijawahi kumwona nao.

Aliyekubali papo hapo ni mmoja tu: Mzee Gad, miaka sabini na moja. Nilimkumbatia. Akauliza kama pasi yenyewe ni ya mvuke, maana aliyo nayo inaunguza kola.

Ijumaa, 6 Juni

Nimenunua! Wakati wa mapumziko, kwa simu, vidole vimekufa ganzi. Nani anahitaji watu wanane? Walitaka picha ya uso, nikapeleka ile aliyonipiga Ronnie ndani ya ghala: kofia ya koti imeshuka hadi kwenye nyusi, barafu kwenye masharubu. Mpanda milima kamili. Nikabonyeza.

Furaha ilidumu hadi kituo cha basi. Hapo ndipo nilipokumbuka kadi niliyotumia ina pesa gani. Za tiketi za Perth. Fébronie amelea wazee wa watu Jumapili kumi na nne, zamu za ziada, ili amshike mdogo wake mkono siku ya harusi.

Wakati wa chakula ameniuliza kama tiketi nimeshazikata. Nimesema niko karibu. Akasema, "Sawa, Baba Diane."

Hiyo "sawa" imenikaa kifuani kama gunia.

Jumamosi, 7 Juni

Niliamka nikajiambia: maji yamekwisha kumwagika, angalau buti zinitoshe. Nikaenda Parramatta, duka la kukodisha vifaa vya skii, vya kutelezea thelujini. Buti hizo ni kama kutia mguu kwenye ndoo ya saruji, ukasubiri ikauke. Mguu uliingia kwa kelele. Kutoka ukagoma. Muuzaji akaenda kutafuta mwenzake.

Nimekaa hapo, mara nasikia nyuma ya rafu mtu anaguna, kwa sauti ya tatu. Mwangi! Mguu mmoja ndani ya buti, jasho hadi kwenye miwani.

Tulitazamana. Hakuna aliyeweza kukimbia.

Yeye ndiye aliyevunjika kwanza. "Méthode, usiambie mtu. Mimi sijanunua kitu."

Mwaka jana alikwenda na watu wa ofisini. Lifti ikampandisha, akatazama chini, akakaa. Walimshusha amefungwa kwenye machela kama mzigo wa kuni. Lakini kila Jumatatu ofisini ni mlima, mlima, naye husimama karibu na printa akicheka asichokielewa. Alitaka angalau kanisani awe mtu wa mlima, ndiyo maana alikuja kupiga picha akiwa na buti. Halafu mimi nikaleta tisa.

Nilimhurumia. Kisha nikajihurumia. "Mimi nimenunua kweli," nikasema. "Kwa pesa za Mama Diane."

Mwangi hakucheka. Aliomba simu yangu, akasoma barua pepe moja baada ya nyingine, polepole, kidole kikifuata mstari. Kulikuwa na moja sijaifungua. Picha imekataliwa: uso hauonekani. Ombi halijakamilika. Kadi haijakatwa kitu. Kughairi, bonyeza hapa.

"Bonyeza wewe," nikamwambia. "Mimi nimeshabonyeza vya kutosha."

Akabonyeza. Nililia kidogo. Naye alilia kidogo, ingawa nadhani ni buti.

Wauzaji watatu walitutoa kwa zamu. Tiketi za Perth nilizikata palepale kwenye benchi, nikiwa na soksi moja.

Jumapili, 8 Juni

Mimi na Mwangi tulikuwa tumeandaa kisingizio cha magoti mabovu. Hakuna aliyeuliza. Hakuna! Wote walikuwa wanatazama picha za wajukuu pacha wa Cécile. Wiki nzima nimebeba mlima ambao watu waliusahau kabla chai haijapoa.

Saa sita mchana bei ikapanda. Mwangi alinikonyeza. Tuliimba ubeti wa mwisho kwa nguvu hadi mwalimu wa kwaya akageuka kuona ni nani.

Nyumbani nimempa Fébronie tiketi. Amezishika kwa mikono miwili, amesoma majina yote, akaniletea chai bila kuombwa. Kisha akaniletea suruali. Ameishona. Mama Ntakirutimana alimpigia simu Jumatano ileile. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo. Akasema alikuwa anasubiri nimalize.

Nimelala mchana wote kama mtoto.

Jumatatu, 9 Juni

Sikukuu, hakuna kazi. Nimeamka mtu mpya. Mkweli, mnyenyekevu, asiyeshindana na mtu. Nimetoa pipa la taka nikiimba.

Jirani mpya wa nyumba ya kona alikuwa anafunga kayaki mbili, mitumbwi ya mtu mmoja, juu ya gari. Mtu mpole sana. Akauliza kama nami huwa napiga kasia. Nilifungua mdomo kusema hapana.

Tunaondoka Jumamosi alfajiri, kutoka Parramatta kuteremka na mto hadi bandarini. Amefurahi mno kupata mtu mwenye uzoefu.

Kuogelea sijui. Lakini zimebaki siku tano, na bafu letu, nimelipima, ni refu kuliko nilivyodhani.