Bango Langu la Uti wa Mgongo

Leo nimejiaibisha kazini, na kazi yenyewe nilikuwa hata sijaipata.

Mnajua nimekaa mwaka mzima hapa Albert Park, Durban, na digrii yangu ya tiba ya viungo, tunatazamana tu. Wiki iliyopita ghala moja la Mobeni likaniita. Wabebaji wao, wengi Wakongo na Warundi, wanaumwa migongo kila siku, na mafunzo ya Kiingereza hayawaingii. Meneja, Mister Pillay, akasema nije leo niwafundishe kwa Kiswahili jinsi ya kulinda diski za mgongo. Somo moja la majaribio. Likienda vizuri, mkataba. Likienda vibaya, sharp (ndiyo "sawa" ya hapa), kwaheri.

Nikaanza kuwaza. (Hiyo ndiyo shughuli yangu kuu.) Kilichonisumbua ni neno "diski". Hapa Durban diski ni mpira wa miguu. Nikiandika "Tunza diski zako" kwenye bango, watu watakuja na viatu vya njumu. Siku tatu nikalipima neno hilo. Mwisho nikapata Kiswahili safi kisicho na utata: uti wa mgongo. Diski zenyewe nikaamua kuziita gwinya, yale maandazi ya hapa, kwa sababu diski ni kama gwinya lenye jamu: nje gumu, ndani laini.

Nikajipongeza kwa kuuona mtego mapema.

Saa moja asubuhi nikabandika bango kwenye mlango wa chumba cha chakula. Maneno yote hayakutosha kwa herufi kubwa, kwa hiyo juu nikaandika TUNZA UTI WAKO, halafu "wa mgongo" nikaibana chini kwa herufi ndogo. Chini yake nikaweka orodha: mwenye tatizo aandike jina, nitamwona baada ya somo. Kufika saa tatu majina yalikuwa ishirini na matatu. Diski za binadamu nazo ni ishirini na tatu. Nikaona ni ishara njema.

Somo lilikwenda vizuri (hapo ndipo ningepaswa kushtuka). Nikawaeleza kwamba kati ya pingili na pingili kuna gwinya linalozuia mifupa isisagane. Gwinya hilo halina mishipa yake ya damu, linafyonza maji kutoka pembeni. Ukibeba mizigo kutwa, maji yanakamuliwa, ndiyo maana jioni unakuwa mfupi kidogo kuliko asubuhi. Ukilala linakunywa tena. Ukiinama vibaya na boksi zito, jamu inasukumwa nyuma, inabana mshipa wa fahamu, na maumivu yanashuka mpaka mguuni. Papa Dieudonné, mbebaji mkongwe kuliko wote, ambaye mguu wake wa kushoto unawaka tangu mwezi wa pili, akaomba nirudie hapo pa jamu. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa barua kutoka kwao.

Ndipo akaingia nesi wa ghala, Sista Nomusa, amebeba boksi. Ndani mlikuwa na vikopo vidogo vya plastiki vyenye vifuniko.

Mtu wa kawaida angeuliza. Mimi nikawaza: labda wanapima dawa za kulevya, ni utaratibu wao, nikiuliza wataona sijawahi kuajiriwa. (Sijawahi kuajiriwa.) Sista akanivuta mpaka mlangoni, akaweka kidole kwenye bango, akaniuliza kwa Kiingereza hawa watu wamekuwa na hii kwa muda gani.

"Tangu kuzaliwa, Sista."

Akanitazama. "Wote?"

"Wote. Kila binadamu anayo."

"Na wewe?"

"Mimi pia. Bila hiyo nisingeweza hata kusimama."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akanipa kikopo.

Wanaume nao wakapokea vyao bila ubishi. Papa Dieudonné akanisogelea, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, "Dokta, hii njo ya kupima maji ya gwinya?"

Sikuwa na hakika. Lakini mwalimu wa majaribio hawezi kusema hajui. Nikamjibu, "Ndiyo, papa." Akageuka akawatangazia wenzake. Ikapangwa foleni kuelekea chooni, foleni tulivu, ya watu walioelewa somo. Mimi nilikuwa wa nne.

Nilipotoka na cha kwangu, bado kina uvuguvugu, nikamkuta Mister Pillay amesimama mbele ya bango. Nje malori mawili yalikuwa yanasubiri kupakiwa. Akasoma kwa sauti, herufi moja moja, kwa Kiingereza: "Yu. Ti. Ai." Kisha akataka kujua imekuwaje mwalimu wa migongo ameona maambukizi ya njia ya mkojo kwa wafanyakazi wake ishirini na watatu, na kwa nini majina yao yamebandikwa mahali pa kulia chakula.

Nikatazama bango. Nikatazama kikopo. Neno "diski" nililipima siku tatu. Neno "uti" sikulipima hata dakika.

Nilijaribu kueleza. Kiingereza changu chote cha chuo kikanikimbia, nikabaki nagusa kiuno changu na kurudia "hapa, bosi, hapa", jambo ambalo halikunisaidia.

Aliyeniokoa ni Papa Dieudonné. Akaweka kikopo chake chini, akakunja magoti mgongo ukiwa umenyooka, akainua boksi la sabuni na kulikumbatia kifuani. Kwa Kiingereza chake cha ghalani akamwambia bosi kuhusu gwinya, jamu, mshipa na mguu. Hakuacha kitu. Mister Pillay akamwita mbebaji mwingine amweleze tena. Akaeleza vilevile, akaongeza na habari ya kuwa mfupi jioni.

Mister Pillay akasema nianze Jumatatu, mkataba wa miezi sita, na mabango yangu yote yawe picha tupu.

Kwa hiyo kazi nimepata. Ila nilipofika getini kutoka, mlinzi, Mzulu ambaye hajui neno lolote la Kiswahili, alininyooshea kidole gumba, akasema, "Sharp, Dokta Mukojo." Kumbe sasa anajua moja. Naomba lisivuke Mobeni.