Habari Zinazofika Salamabila Mbele Yangu

Kasongo, Alhamisi

Kwa Ndugu Serge, Mhariri wa tovuti ya Habari za Kusini

Ndugu mpendwa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Kitenge, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, njia ya Kasongo na Salamabila, mwaka wa kumi na moja huu. Ninabeba watu, na juu ya watu ninabeba habari. Naleta malalamiko kuhusu hiyo "flux" yenu: mtu anajiandikisha mara moja tu, kisha kila habari mpya ya tovuti inamfuata yenyewe mpaka kwenye simu.

1. Mama Véronique anapika bugali na kuku pale Salamabila. Zamani nikishuka tu aliniwekea paja, halafu anauliza: "Kule Kasongo iko nini?" Tangu ajiandikishe, yeye ndiye ananisomea habari za Kasongo, mimi niliyetoka huko, na sahani inakuja na shingo.

2. Jumatatu ya wiki iliyopita daraja la miti lilikatika chini yangu. Nilitolewa ng'ambo nimelowa, nimekunywa maji, lakini nina furaha: habari kubwa namna hii sijawahi kuibeba. Nafika, sijavua hata kofia, Mama Véronique anaita: "Pole na kuanguka, baba!" Akanionyesha picha yangu. Kumbe ukingoni kulikuwa na mtu ameshika simu, ndugu, badala ya kamba. Shingo tena.

3. Hili ndilo limeniumiza zaidi. Mliandika kwamba motari na abiria wake, Mado muuza sabuni, waliokolewa "wakiwa wameshikana". Ni kweli, hajui kuogelea. Lakini mke wangu Arlette naye anapata flux. Nilipanga kumweleza mwenyewe, kwa utaratibu, kuanzia mvua, na Mado aje mwisho, au asije kabisa. Nilimkuta mlangoni: "Huyu Mado ni nani?" Tangu siku hiyo ninakaa kwa kaka yangu Iliasi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: kila habari ya njia yangu ingoje mpaka nifike, niisimulie, nile. Nikishanawa mikono nitawapigia. Zile zinazonihusu mimi, nipeni kwanza nizisahihishe.

Wasalimie wote wa ofisini, na mama watoto, na watoto wenyewe kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi ninayekuheshimu,
Kitenge, motari

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Iliasi ameniwekea flux kwenye simu yangu. Jana nilisoma habari zote hapa Kasongo, nikaenda nazo Lusangi, upande ambao mtandao haufiki. Wamenipa bata mzima. Basi msingojeshe kitu, tumeni upesi zaidi. Ila ongezeni harusi na watoto waliozaliwa: nilipofika kwenye habari ya kifo, mwenye bata alitaka kumchukua tena bata wake.