Kanga Kumi na Moja za Chumba cha Watoto

Jumapili, 13 Julai

Watoto kumi na mmoja. Waliolia: tisa. Wawili waliobaki walikuwa wanavuta pumzi.

Chumba chetu cha watoto kimetenganishwa na kanisa kwa ukuta wa mabanzi tu, kwa hiyo waumini wote wa hapa Kibiti walisikia. Mchungaji alikatiza mahubiri mara mbili. Mara ya pili aliwataka waumini wamwombee dada yao Sijaona. Aibu gani hii! Miaka ishirini na saba nimefundisha chekechea kule Masasi, leo naombewa kama mgonjwa.

Halafu akaingia Bi Mwanajuma. Huyu ni jirani wa kanisa, Mwislamu, anakaanga vitumbua nje ya geti letu. Hana cheo, hana kitambulisho. Aliketi mkekani, akamfunika kila mtoto kwa kanga ya mama yake, zile wanazoacha akina mama pamoja na chupa za uji. Kimya! Akanyanyuka, akarudi kwenye vitumbua vyake. Hata kunitazama kwa majivuno hakunitazama, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Baada ya ibada Mzee Gaspa, mzee wa kanisa, alitangaza kwamba Jumapili ijayo kamati itakaa chumbani kutazama, kisha itachagua msimamizi wa kudumu. Naitaka nafasi hii. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma: tangu mwanangu wa mwisho ahamie Dar, nyumbani kwangu hakuna anayeniita. Juzi nilimwitikia mbuzi.

Jumatatu, 14 Julai

Mpango wa kwanza. Ratiba! Nimeichora kwenye karatasi ya manila kwa kalamu tatu za rangi. Saa tatu kamili, watoto wanapokelewa. Saa tatu na robo, wanalala. Saa nne kasorobo, wanaamka kwa furaha. Saa nne, wanacheza bila kung'atana.

Nilimwonyesha Bi Mwanajuma ili ajue anashindana na nani. Aliitazama sana, akazisifia rangi, kisha akauliza kama watoto wenyewe wameshapewa nakala. Wivu tu.

Jumatano, 16 Julai

Mazoezi. Nimemwazima Dadi, mjukuu wa Bi Mwanajuma, mwaka na nusu. Wazazi wake wako Mbuchi wanavuna mpunga. Alikuja akiburuta kanga ya mama yake ambayo haijaguswa na maji tangu mama huyo aondoke. Inanuka moshi, maziwa, na kitu kingine nisichotaka kukijua. Nikamnyang'anya kwa upole. Mungu wangu! Alilia mpaka jirani wa nyumba ya tatu akaja kuuliza nani kafariki. Nikatabasamu ili kumtuliza. Akalia zaidi.

Bi Mwanajuma akaja, akamrudishia kanga yake. Dadi akafukia pua humo, akanyamaza. Bi Mwanajuma akaniambia, shoga yangu, mtoto wa umri huu anamjua mama yake kwa pua.

Nimelitafakari neno hilo jioni nzima, na nimelielewa kuliko yeye aliyelisema! Kama watoto wana pua kali kiasi hicho, basi kinachowaliza chumbani kwangu ni harufu. Kanga kumi na moja zinazonuka! Hata mimi ningelia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimezunguka tangu alfajiri kukusanya kanga za watoto. Nimewaambia akina mama kwamba ni huduma mpya. Walisitasita. Mama Filbert, ambaye ni nesi, alinieleza kwamba ile ya Filbert amelala nayo siku tatu kwa makusudi. Siku tatu! Nesi mzima! Nilimhurumia, nikamwambia asione haya, siri yake nitamtunzia.

Nimezifua mara tatu. Kwanza sabuni ya unga, kisha maji ya moto, kisha ile dawa ya kulainishia nguo yenye harufu ya waridi, chupa nzima. Nimeanika. Nimepiga pasi ya mkaa. Uani kwangu ungedhani kuna harusi.

Bi Mwanajuma alichungulia juu ya uzio wa makuti, akauliza kama hizo ni zile za watoto wa kanisani. Nikasema ndizo. Akashika kiuno. Akasema, Bi Sijaona, nakuomba hizo usizipeleke. Alivyoshtuka! Anajua kesho ndiyo mwisho wake.

Jumapili, 20 Julai

Nimeketi kuandika kabla hata sijavua gauni.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, wameketi kwenye benchi. Ratiba ukutani. Nikagawa kanga moja moja, zimekunjwa vizuri pembe nne. Filbert akainusa ya kwake. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akaniangalia mimi. Akafungua mdomo.

Kumi na mmoja! Safari hii hakuna aliyevuta pumzi. Mzee Gaspa alibeba wawili, wakamlowesha wote wawili. Katibu akaanzisha pambio, watoto wakaogopa. Mchungaji akaacha kuhubiri, akaja mwenyewe na Biblia mkononi, akatutazama, akarudi alikotoka. Mimi nilisimama katikati ya chumba nikalia nao. Nilijua nafasi imekwenda. Nilijua nitaamka tena kwenye ile nyumba, na hata Jumapili ikifika hakutakuwa na mtoto wa kupokea.

Bi Mwanajuma akaingia, mikono ina unga. Akanusa kanga moja tu. Hakunigombeza. Akaenda mlangoni mwa kanisa, akawaomba akina mama wavue kanga walizojifunga wazipitishe nyuma. Katikati ya ibada! Zikapita benchi hadi benchi, kumi na moja, bado zina joto na jasho lao. Walikuwa na magauni ndani, Mungu ashukuriwe. Tukawafunika watoto. Akanyamaza mmoja, wakanyamaza watatu, wakanyamaza wote. Ya Mama Filbert nilikuwa nimeitupia begani, na Filbert akalala hapo hapo juu yangu. Saa nzima sikusogeza mguu. Ukafa ganzi. Sikusogeza.

Kamati ikampa Bi Mwanajuma nafasi papo hapo. Akacheka sana. Akasema yeye ana swala yake Ijumaa na vitumbua vyake Jumapili, asitafutiwe kazi nyingine. Akasema wampe Bi Sijaona, maana watoto hao anawapenda kweli. Mtu asiyewapenda asingefua kanga kumi na moja za watu. Ila wamkataze kufua.

Kamati ikanong'onezana. Nimepewa! Miezi mitatu ya majaribio, kwa sharti moja lililoandikwa kwenye kitabu cha mikutano: nisifue wala kuloweka kanga ya mama yeyote. Nimetia saini. Nimemkumbatia Bi Mwanajuma, na unga wake umebaki kwenye gauni langu.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamka na furaha. Nimeyatafakari yote kwa utulivu, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Waridi. Watoto wa huku Rufiji hawajalizoea. Ama Filbert kulala begani kwangu, huo ni uzoefu wa miaka ishirini na saba, haufundishwi.

Sharti la kamati nitaliheshimu neno kwa neno. Kufua nimekatazwa. Kununua sikukatazwa. Leo asubuhi nimekwenda dukani kwa Hashimu pale stendi, nimeagiza kanga kumi na moja za sare, rangi moja, mpya kabisa, ambazo hazijawahi kuvaliwa na mama yeyote. Zile za zamani nitazifungia kabatini kabla ibada haijaanza. Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili.