Chambo Kilichomnasa Tasi

Uweso wa mtaa wa Mabawa hakuwa na kazi. Hakuwa na mtaji, wala mjomba mwenye mtaji. Viatu alikuwa navyo, ila vilinunuliwa kwa harusi ya kaka yake, ambaye mguu wake ni mdogo. Chumba chake hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia. Aibu pia hakuwa nayo, lakini hiyo hakuihesabu kuwa upungufu. Zaidi ya vyote, hakuwa na ruhusa ya Mzee Badru ya kupeleka posa kwa binti yake, Nasma, fundi cherehani.

Mzee Badru, mstaafu wa bandari, alimwita barazani akamuuliza swali moja.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Mambo mbalimbali, mzee."

"Mbalimbali si kazi. Majirani wataniuliza mkwe wangu ni nani. Niwajibu nini? Mkwe wangu ni mbalimbali?"

Uweso alitoka hapo na jua la mchana, akajikinga katika duka la Moiz, muuza kamba, rangi na nyuzi za nyavu. Ndani alikuta ukuta mzima umepambwa kwa fimbo za kuvulia samaki, nyembamba na zinazong'aa, kila moja na rili yake ya kukunjia mshipi. Chini yake palikuwa na visanduku vya chambo bandia: visamaki vya plastiki vya kila rangi, vyenye macho makubwa kama vimeshtuliwa usingizini.

"Bwana Moiz, hivi vyote umeuza vingapi?"

"Fimbo moja," alisema Moiz. "Mama mmoja kaichukua ya kuangulia mapapai."

"Na wavuvi?"

"Wavuvi wanacheka. Wanasema wao wana mshipi wa mkono, na mkono wameupata bure."

Hapo Uweso akaona riziki yake imening'inia ukutani. Akaichukua fimbo moja, akaikunja, akafumba jicho moja. Akaiweka rili sikioni, akaizungusha polepole, kama daktari anayesikiliza kifua cha waziri.

"Inakoroma," alisema.

"Ni mbovu?"

"Siyo mbovu. Haijapimwa. Bwana Moiz, kwa wajuzi hakuna anayenunua fimbo isiyopimwa, kama vile hununui koti bila kulivaa. Mimi nilisomea upimaji huu Mombasa."

Mombasa aliwahi kufika, na huko alisomea njia ya kurudi. Lakini Moiz alikuwa na mzigo ukutani na mama yake, Rehmatbai, aliyemkumbusha mzigo huo kila chakula cha jioni. Wakakubaliana: Uweso atazipima zana hadharani, na katika kila itakayouzwa atapata fungu lake.

Haki isemwe, Uweso alifanya kazi. Alitazama video kwenye simu mpaka macho yakavimba. Alining'iniza tofali kwenye ncha ya kila fimbo ili ajue ipi inapinda kwa adabu na ipi inapinda kwa woga. Alivikokota vyambo ndani ya beseni la maji aone kipi kinaogelea kama samaki na kipi kama kijiko. Rili alizipima breki kwa kuufunga mshipi kwenye bodaboda na kumwambia dereva aondoke. Rili iliyoachia mshipi kidogo kidogo, bila kukwama, ilifaulu. Iliyokwama ilimwangusha dereva, ikafeli, na dereva akaacha kazi hiyo.

Lakini alijua kwamba watu hawanunui kipimo. Wananunua samaki. Kwa hiyo akamfuata rafiki yake Suleimani, mzamiaji, anayekwangua matumbo ya mashua na kuokoa nanga zilizopotea.

"Wewe utakaa chini ya gati, nyuma ya nguzo," alimweleza. "Nikitupa chambo, unamtundika samaki kwenye ndoana. Kisha unavuta kidogo, kama samaki mwenye tabia."

"Samaki hai?"

"Hai, yakhe! Nani atamshangilia maiti?"

Siku ya maonyesho watu walijaa kwenye gati la zamani kule Raskazone. Si wavuvi. Walikuja maofisa, wakandarasi na wastaafu, watu wa kununua samaki kwa kumtuma mtu, waliokuwa wameanza kuota picha zao wameshika fimbo. Mzee Badru alikuwemo, na miwani meusi.

Uweso akatupa chambo cha kijani. Akasubiri kwa heshima. Mshipi ukatetemeka, fimbo ikapinda, rili ikalia, naye akavuta huku akiomba radhi kwa waliokuwa nyuma yake. Samaki akatoka majini akimetameta.

Waliokuwa mbele wakainama kumtazama.

Alikuwa tasi. Suleimani alikwenda sokoni kutafuta samaki hai, na samaki wanaofika sokoni wakiwa hai ni wa dema, mtego wa kufumwa usioua, na dema siku hiyo lilikuwa na tasi watupu. Akanunua. Kichwani mwake samaki alikuwa samaki.

"Moiz," Rehmatbai alisema kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, "huyo si tasi? Tasi anakula majani. Tangu lini akatamani kisamaki cha plastiki?"

Uweso alimeza mate mara moja. Alipomaliza kuyameza, alikuwa na jibu.

"Mama yangu ameniwahi! Hilo ndilo nililotaka mlione wenyewe. Chewa kula chambo si ajabu, chewa anakula hata soksi. Lakini tasi! Samaki asiyegusa nyama, anayepatikana kwa dema tu! Ndugu zangu, hapo ndipo penye kipimo. Chambo kilichomshawishi tasi, nani atakikataa?"

Ulipita ukimya mfupi, ule ambao watu wazima huutumia kuaga akili zao. Kisha kila mtu akawaza tasi wa kukaanga, asiyenunuliwa, kila Ijumaa, mpaka kufa. Wakamvamia Moiz.

Rehmatbai akasimama.

"Sikilizeni!" alisema. "Duka linadhamini fimbo na rili. Tasi anadhaminiwa na Bwana Uweso. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Uweso akainamisha kichwa, akidhani anasifiwa.

Mzee Badru alinunua fimbo ya bei kubwa kuliko zote. Akamshika Uweso bega.

"Kumbe wewe ni mpimaji! Mbona hukusema? Sikiliza. Siku nitakapomtoa tasi kwa mkono wangu, siku hiyo mlete mshenga."

Uweso alirudi Mabawa akitembea kwa furaha, na viatu vikimuuma vidole vyote. Fungu lake lilikuwa mfukoni. Kilichobaki ni tasi mmoja tu, na tasi alikuwa na mtu wake majini.

"Mara moja zaidi," alimwambia Suleimani.

"Maji ya alfajiri yana baridi," alijibu Suleimani. "Baridi ina gharama zake."

Uweso akalipa. Asubuhi Mzee Badru akatupa chambo, akavuta, akatoa changu.

"Dema la jana halikuwa na tasi," Suleimani alieleza baadaye. "Nikaona mzee asitoke mikono mitupu."

Uweso akalipa tena. Akatoka chewa mdogo. Akalipa tena, akatoka pweza, aliyeshika chambo kwa mikono yote na kukataa kukiachia hata kwenye ndoo. Mzee Badru akawa gumzo la mji. Alianza kutembea polepole na kusalimia watu kwa kidevu. Tasi tu ndiye hakutoka, na bila tasi hapakuwa na mshenga.

Wateja wengine hawakutoa hata pweza. Walianza kuulizia Mabawa. Hapo Uweso akatambua hasara ya pazia: halibishwi hodi, linafunuliwa tu. Aliyelifunua mara nyingi kuliko wote ni Laurenti, mkandarasi, mtu wa kifua kipana na sauti ndogo.

"Bwana Uweso, sijakasirika," alisema Laurenti. "Ijumaa nitaenda na familia gatini. Kama hakuna mtu hata mmoja aliyetoa tasi kwa chambo hicho, tutatoka hapo pamoja, mimi na wewe, mpaka polisi. Nitakushika mkono usipotee."

Ijumaa asubuhi Uweso alikuwa wa kwanza kufika. Mfuko ulikuwa mtupu. Fungu lote lilikuwa limekwisha kwa baridi ya Suleimani. Mzee Badru alikuwa tayari gatini anapaka rili mafuta. Uweso akazunguka kwa chini, kwenye miamba, ahakikishe mtu wake yupo kazini.

Alikuwepo. Alikaa juu ya jiwe, amejifunika kanga mabegani, anakunywa chai ya tangawizi. Pembeni yake palikuwa na sahani ya vitumbua, na pembeni ya vitumbua palikuwa na Nasma. Kwenye tenga lililozama nusu, tasi wazima walikuwa wakizunguka, wanene, wasio na habari.

"Hao ni nini?" Uweso aliuliza.

"Tasi," Suleimani alisema.

"Wamefika lini?"

"Hawajawahi kukosekana."

"Usimgombeze," Nasma alisema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Siku ile ya changu nilimletea baba chai kabla hajatupa chambo, nikamwona mtu anatoka majini kama anatoka sebuleni kwake. Nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza kweli yote, mpaka bei. Wewe, Bwana Uweso, nimekujua mwaka mzima. Nitajie kweli moja uliyowahi kuniambia."

Uweso akatafuta.

"Nitamwambia baba yako nani alikuwa chini ya gati," alisema hatimaye.

"Mwambie," Suleimani alisema, akichukua kitumbua. "Mimi ni mzamiaji, nimekutwa majini. Wewe utakuwa nani?"

Juu yao, sauti ndogo ya Laurenti ilisikika ikimwamkia Mzee Badru. Watoto wake walikuwa wakiuliza tasi atatoka saa ngapi.

"Leo atatoka," Nasma alisema. "Baba atamvuta mbele ya watu wote, nawe utapona. Ila kwanza kuna barua. Suleimani mwandiko wake kama nyayo za kaa, na wako unasifiwa."

"Barua gani?"

"Ya posa yake."

"Lakini mzee akimtoa tasi, mimi ndiye wa kuleta mshenga! Aliniahidi!"

"Ndiyo maana barua itatangulia. Mshenga yupo hapo juu na baiskeli. Barua ikishapokelewa na mama nyumbani, unajua sheria yetu: mtu haposi juu ya posa ya mwenziwe, mpaka wa kwanza ajibiwe. Na wa kwanza atajibiwa, Bwana Uweso. Nimeshazungumza na mama."

"Na baba?"

"Nilimuuliza juzi kama mzamiaji ni kazi. Akasema hiyo ni kazi ya neno moja, haina mbalimbali."

Uweso akaitazama bahari, kisha gati, kisha viatu. Nasma akampa kalamu, karatasi yenye maua pembeni na bahasha. Akaandika juu ya goti. Alikusudia kuandika vibaya, lakini mkono wake haukujua njia hiyo. Akaanza na Bismillahi, akafuatisha salamu ndefu kwa wazee wa pande zote mbili, akamsifu mwombaji kuwa ni mtulivu, mvumilivu wa baridi, na asiyechukua kisicho chake. Hapo akasita, akamtazama Suleimani, akaacha sentensi ilivyo.

"Lo, imependeza," Suleimani alisema, akichungulia. Akatoa noti kwenye mfuko wa nailoni usiopenya maji, heshima ya posa ya kutangulizwa na barua. Uweso alizitambua mpaka mikunjo yake. Yeye ndiye aliyezikunja.

Akazitia ndani ya bahasha pamoja na karatasi. Akaulamba ukingo; gundi ilikuwa na ladha ya chumvi. Akaubana kwa kidole gumba kutoka pembe moja mpaka nyingine, akaandika jina la Mzee Badru kwa herufi za kupinda, na kupiga mstari chini.

Mzee Shehe, mshenga, akashuka akaipokea kwa mikono miwili.

"Mashallah, mwandiko gani huu! Mwandishi ni nani?"

"Ni mpimaji," alisema Nasma.

Mzee Shehe akaitia mfukoni mwa kanzu, akaupigapiga mfuko, akapanda baiskeli, akaondoka kuelekea mjini akipiga kengele ingawa njia ilikuwa wazi.