Mke Mwenza wa Kibanda cha Vioo

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu! Naandika maneno haya kila siku na bado hayajachuja. Leo tumeingia kazini tumeshikana mikono, tukaachiana mlangoni tu. Yeye akapanda kwenye kibanda chake cha vioo kule juu, kwenye kazi yake ya ukalimani, mimi nikaenda kupanga maji na vipaza sauti mezani. Akivaa vile vipokea sauti vyake masikioni anapendeza kama rubani.

Halafu likatundikwa bango. MKUTANO WA MATAIFA: UTAWALA WA AKILI UNDE. Nikaacha kupanga maji. Yaani mataifa yote yamefunga safari, yamevaa suti, kuja kuikabidhi mashine utawala? Nimemwuliza Waya, fundi wa mitambo. Akacheka, akasema ndiyo, shemeji, na itaanza kutawala palepale juu kwa mumeo. Kumbe imeletwa mashine ya kutafsiri, iko kibandani naye, inajaribiwa wiki nzima. Ikifaulu, Mama Msimamizi wa ukumbi hatamwongezea mume wangu mkataba.

Ina sauti ya kike. Laini. Harufu ya rangi haijaisha chumbani kwetu na tayari nina mke mwenza.

Jumanne, 4 Machi

Mpango: kumkatia umeme. Nyaya za ukumbi zinapita chini ya jukwaa, na anayefagia chini ya jukwaa ni mimi. Nikachomoa ule mwekundu.

Haukuwa wake. Ulikuwa wa kipaza sauti cha mjumbe wa nchi kubwa, yule mwenye watu wanne wa kumbebea mafaili. Alikuwa anasema nchi yake haitapangiwa na mtu jinsi ya kutengeneza mashine zake. Sauti ikamkatikia kwenye "haitapangiwa". Mjumbe wa nchi ndogo, mama mfupi mwenye miwani, akasema taratibu, na ukumbi mzima ukamsikia: "Naona imeshapangiwa." Watu wakacheka. Mkubwa akasimama, akadai amenyamazishwa makusudi. Mimi nimekumbatia ufagio chini ya mbao, jasho linanitoka mpaka kwenye visigino. Mama Msimamizi ametangaza kwamba akimpata mhusika atamfukuza kabla hajavua aproni.

Nyumbani mume wangu amenikanda miguu. Hajui kitu. Ah, mikono ile!

Jumatano, 5 Machi

Waya amesema mashine hujifunza kwa kusikia. Basi nimharibu masikio. Wakati wa chakula cha mchana ukumbi ulikuwa mtupu, nikainamia kipaza sauti na kumfundisha kwamba ndiyo ni hapana, na hapana ni karibu chai. Kisha nikainua macho nikaona kile kibanda, moyo ukanijaa, nikasahau kilichonileta. Nikanong'ona: "Usiniache, nyota yangu. Nitakupenda hata ukinenepa."

Ukumbi haukuwa mtupu. Mkubwa na yule mama mwenye miwani walikuwa nyuma ya nguzo wakiendelea kubishana kwa kunong'ona, vipokea sauti masikioni. Mashine ikampa kila mmoja maneno yangu kwa lugha yake. Wakatazamana. Mama akavua miwani, akamwambia mwenzake kwa upole wa kutisha kwamba yeye ana mume.

Nimetambaa mpaka jikoni. Nikifukuzwa mimi leo na yeye kesho, tutakula nini? Mapenzi?

Alhamisi, 6 Machi

Mjumbe wetu alisimama akasema: "Utawala wa akili unde uwe wa mataifa yote, si wa wenye nguvu peke yao." Mashine, kwa sauti yake ya asali, ikawaambia wageni kwamba akili unde itayatawala mataifa yote, si wenye nguvu peke yao. Yaleyale niliyoyaogopa mimi kwenye bango!

Kelele. Mkubwa akafunga mkoba, wengine wakaanza kumfuata. Mama mwenye miwani alibaki ameketi, uso umempauka. Asubuhi alikuwa ameeleza kwamba kwao mashine kutoka ng'ambo ilipanga wagonjwa zamu, ikawaruka wa vijijini, na watu hawakujua wamlalamikie nani. Mkutano ungevunjika, kila nchi ingeenda kuzifungulia mashine zake bila kuulizana.

Mume wangu akaizima mashine. Akafungua kipaza sauti chake. "Samahani, mheshimiwa. Tuitawale, au itutawale?"

"Tuitawale," akasema mjumbe wetu. "Sisi sote, kwa pamoja."

Mume wangu akalisema hilo kwa lugha moja, kisha kwa nyingine, polepole, kama anayemshusha mtoto mgongoni. Mkubwa akakaa. Jioni wameandika kwamba pale maisha ya watu yanapohusika mashine isiachwe peke yake, awepo mtu wa kuuliza, na nchi ndogo ziwe na pa kulalamika. Mkubwa ametia sahihi wa mwisho, akinung'unika. Na mkataba wa mume wangu umeongezwa! Mashine itakuwa chini yake.

Nyumbani akaniambia kwamba Jumatano alikuwa sakafuni kibandani anakula mkate, vipokea sauti masikioni. "Sauti yako naijua hata ikisemwa kwa Kifaransa," akasema. "Mke wangu, ukiogopa kitu, niulize." Nimelia. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Machi

Kutakuwa na mkutano wa kufuatilia, nchi nyingine kabisa. Wanampeleka mume wangu. Na mashine. Waya anasema vibanda vya huko ni vidogo, mtu na mashine wanagusana mabega.

Niliapa kuuliza. Lakini ningeuliza nini, na jibu lingenisaidia nini? Nimechukua pasi yake ya kusafiria, nimeifukia ndani ya debe la unga. Hapo hataifikia mtu. Moyo umetulia kabisa.

Ameingia jikoni anaimba. Anasema leo malkia wake apumzike, chakula atapika yeye. Anauliza unga uko wapi.